Nyonga Mpya, Ngazi ya Zamani

Jumamosi, 1 Machi

Alhamisi! Wamenipigia simu – ni Alhamisi hii hii! Msichana wa mapokezi amesema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, nyonga yako ni Alhamisi, usile kitu kuanzia Jumatano usiku." Nyonga yangu! Kama vile imeshafika, imekaa kwenye rafu, inanisubiri.

Nimekata simu nikabaki nimesimama katikati ya karakana, msumeno mkononi. Nikataka kucheza. Nikakumbuka siwezi. Nikacheza mabega tu.

Naandika humu kwenye daftari la vipimo kwa sababu sina pa kuipeleka furaha hii. Kurasa za mbele zimejaa urefu wa milango ya watu na upana wa makabati ya watu. Kuanzia hapa ni mambo yangu.

Mwaka wa pili sasa nalala kwenye kochi la sebuleni, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Chumba chetu kiko juu. Mke wangu yuko juu. Kati yetu kuna ngazi, na ngazi hiyo niliitengeneza mimi – nyembamba, imesimama wima kama mtu aliyeudhiwa – kwa sababu nilitaka kuokoa nafasi ya karakana. Mke wangu alisema wakati ule, ipanue kidogo. Nikamwambia, mama watoto, hii ni hesabu ya kifundi, niachie. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Na kitanda? Kitanda hakishuki! Nilikiunga kulekule chumbani, ndimi za mbao na gundi, bila msumari hata mmoja. Nilijisifu mtaa mzima. Sasa hakifunguki na hakipiti mlangoni. Nyonga ilipoanza kuuma tukasema nilale chini wiki mbili tu, mguu upoe. Mguu haukupoa.

Sitaki makubwa. Sitaki kukimbia mbio. Nataka kupanda ngazi yangu, nilale upande wangu wa dirishani, nimsikie mama watoto akikoroma halafu asubuhi akane.

Nilipompa habari alinikumbatia. Ana duka la udobi, siku zote ananukia sabuni na pasi ya moto. Nikasema, basi nakaribia kurudi juu! Akasema, "Pona kwanza, Fundi," akageuka kukunja shuka za mteja. Pona kwanza. Hiyo ni ndiyo, au ni tutaona?

Jumanne, 4 Machi

Daktari amenionyesha mfupa wangu kwenye kompyuta. Mzima mzima! Anauzungusha kwa kidole, mbele, nyuma, chini, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kiwe mviringo. Changu kimeliwa upande mmoja. Nimekitazama nikakionea huruma – miaka yote hiyo kimenibeba hivyo hivyo.

Halafu akaanza kueleza, na mimi nikaanza kutokwa jasho la furaha. Picha ile ndiyo ramani. Wanapanga kila kitu kabla ya siku yenyewe: ukubwa wa kikombe cha nyonga, urefu wa shina la kuingia ndani ya mfupa wa paja, pembe ya kukalia. Siku ikifika, kuna mkono wa mashine unaoshika kifaa cha kuchongea pamoja na daktari. Daktari ndiye anayeongoza, lakini akitaka kutoka nje ya mstari, mkono unakataa. Unakataa! Ningekuwa na mkono kama huo siku ile ya ngazi!

Na si hayo tu. Anapita kwa mbele, si kwa nyuma. Misuli haikati – anaisogeza kando kama pazia, anapita katikati, akimaliza anairudisha. Shina haligandishwi kwa saruji. Lina ngozi ya kukwaruza kama msasa, na mfupa wenyewe unaota polepole unalishika. Gundi ya Mungu! Nimepiga meza ya watu. Kichwa chenyewe ni cha kauri, kama sahani. Nikauliza, je, ikianguka? Akasema, hii haianguki, fundi, itakuwa ndani yako.

"Na nitasimama lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ijayo?"

"Alhamisi hiyo hiyo. Mchana."

Nikamtazama mke wangu. Yeye akamtazama daktari, akauliza, "Na ngazi?" Daktari akajibu kwamba hospitali humfundisha mtu ngazi kabla ya kumruhusu. Za nyumbani zinategemea zilivyo. Mama watoto akakohoa.

Jioni dada yangu mkubwa amepiga simu. Anakuja kuniuguza! Yeye alibadilishwa nyonga zamani, wakati mashine hizi hazijafikiriwa, na tangu hapo ni profesa wa nyonga. Amesema nisinunue kitu, vifaa vyote anavyo. Mungu wangu.

Alhamisi, 6 Machi – alfajiri

Wodini. Gauni hili linafungwa kwa nyuma, yaani halifungwi.

Daktari amepita na kalamu, amechora mshale kwenye paja langu la kushoto na kuweka sahihi. Nimempenda papo hapo. Anayetia alama kabla ya kukata, huyo ni mwenzetu.

Maisha yangu yote nimekata, nimetoboa, nimegonga. Leo zamu yangu. Mkuki kwa nguruwe! Nina hofu kidogo. Si kweli, nina hofu nyingi. Mke wangu amenishika mkono, ananiambia nikiwa mle ndani nisianze kumfundisha daktari kazi.

Alhamisi – jioni

NIMESIMAMA!

Nianzie wapi? Walinichoma ganzi ya mgongoni, miguu ikaondoka. Mimi nikabaki macho, nimelewa kidogo, nyuma ya pazia la kijani. Na nikasikia nini? Karakana! Msumeno. Keekee. Tupa. Halafu nyundo, jamani, nyundo! Nilikuwa kama mtu aliyepotea safarini akasikia watu wa kwao wanaongea.

Shina lilikuwa linaingia. Kila pigo lina sauti yake – nzito, nzito, nzito. Halafu ikabadilika, ikawa kavu. Sauti ile naijua! Nikapaza sauti:

"Imekaa!"

Daktari akauliza nani kasema. Nesi akasema, mgonjwa. Daktari akasema, mwambie bado. Ko. Ko. Halafu moja zaidi, na hiyo ikalia safi kama kengele. "Sasa imekaa," akasema. Na kweli! Nilikuwa nimewahi. Baadaye alipita kitandani akanifariji kwamba kwa mbao huenda ningepatia.

Mchana akaja binti wa mazoezi ya viungo. Mwili mdogo, sauti kubwa. Nimempa jina Kamanda. Akaniambia nikae, nikakaa. Simama. Nikamwambia, mwanangu, mbona kidonda hakijapoa? Akasema kidonda kitapoa tukiwa tunatembea. Nikashika fremu ya kutembelea, nikasimama, nikaenda mpaka dirishani.

Inauma? Inauma, ngozi inauma, paja limevimba. Lakini yale maumivu ya zamani, ya bawaba iliyoshika kutu, hayapo. Niliyatafuta. Nikaegemea kushoto kidogo, nikaegemea zaidi. Hayapo! Nikalia mbele za watu. Mke wangu naye akalia, akasema ni sabuni imemwingia machoni. Sabuni, hospitalini!

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeusema msemo huo tangu utotoni. Leo ndio nimeuelewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumbani! Nimelala hospitali usiku mmoja tu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini – mimi nimerejea na guu jipya.

Kabla ya kuniachia, Kamanda alinipeleka kwenye ngazi yao ya mazoezi, vipandio vichache tu, pana kama jukwaa. Akanipa sheria. Ukipanda, mguu mzima unatangulia. Ukishuka, mguu mgonjwa unatangulia. Nikamuuliza: sasa mzima ni upi? Wa kushoto ndio mpya! Akafikiri, akasema wa kushoto ni mpya lakini bado ni mgeni, muache afuate wenyeji. Nimecheka mpaka mishono ikanikaripia.

Sasa kioja. Nikavaa suruali yangu ya heshima ya kutokea hospitali. Mguu wa kulia suruali imefika kiatuni. Wa kushoto imeishia juu ya kifundo, soksi yote nje! Nikasema, wameniwekea nyonga ndefu! Daktari akasema hapana, miguu sasa iko sawa, amepima. Mguu wa kushoto ulikuwa umepungua kwa ajili ya ile nyonga iliyolika.

Nikamgeukia mke wangu. Anatazama dari.

Kumbe! Suruali zangu zote! Alikuwa anazipandisha pindo la kushoto kidogo kidogo, kila mguu ulipozidi kupungua, asiniambie neno. Na mimi nikijitazama kwenye kioo nasema, mbona natembea sawasawa tu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa na mengi ya kulalamikia. Hilo nikaona nikupunguzie."

Nimekuja na suruali ile ile nyumbani. Majirani wacheke wanavyotaka.

Jumamosi, 8 Machi

Dada mkubwa amewasili. Amekuja na kiti cha kuinulia choo, mto wa pembe tatu wa kuweka katikati ya magoti, koleo refu la kuokotea vitu, na sheria. Usikunje kiuno. Usikae kochi la chini. Usilale ubavu. Usivushe mguu juu ya mguu. Usipande chochote mpaka miezi mitatu.

Nikamwambia dada, siku hizi mambo yamebadilika, wamepita mbele, hawakukata misuli. Akasema, "Mbele, nyuma, nyonga ni nyonga. Haraka haraka haina baraka, mdogo wangu." Nikamwambia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaniwekea mto katikati ya magoti, akaufunga kwa kanga ili nisiutoe.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza zile sheria kama mwanafunzi. Yeye na wifi yake wanapendana mno. Hapo ndipo ninapoogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Kamanda amekuja nyumbani. Vita!

Ameukuta mto na kanga. Akauliza nani kamfunga mgonjwa. Dada akasema ni mimi, na nina nyonga ya chuma tangu wewe ukiwa shuleni. Kamanda akamwamkia vizuri, akampa kiti, akamweleza: kwa upasuaji ule wa zamani wa kupita nyuma, sheria zako zilikuwa sahihi kabisa, mama. Kwa huyu, daktari ameandika hana vizuizi hivyo. Atembee. Akunje. Avae soksi mwenyewe akiweza. Dada akakunja kanga yake. Si kukunja kwa kukubali – kule kwingine.

Nikaona upepo umegeuka, nikasema haraka: na ngazi? Twende tukaione ngazi!

Kamanda akasimama chini ya ngazi yangu. Akaitazama. Akaweka mguu kipandio cha kwanza, akautoa. 

"Nani alitengeneza hii?"

"Fundi mmoja," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Aliacha kazi."

Mke wangu akaingia jikoni mbio, nikasikia anacheka ndani ya taulo. Kamanda hakucheka. Amesema mguu wangu unaweza kupanda ngazi yoyote ya binadamu, lakini hii ni ya kupandia paa. Bila kishikio cha kushoto na cha kulia nisiiguse. Nikiviweka, yeye mwenyewe atakuja Jumamosi ya wiki ijayo tupande pamoja.

Dada akasema, si nilisema? Mke wangu akatoka jikoni, uso umeshakauka, akasema afadhali. Afadhali nini? Akapanda juu. Nikasikia nyayo zake, kisha kitu kizito kinaburutwa. Nikauliza kwa sauti, unafanya nini? Akajibu, nafagia!

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kazini! Kazi yangu ya kwanza baada ya nyonga ni kishikio cha ngazi yangu. Upande wa ukutani tayari kipo kimoja chembamba, cha aibu. Sasa natengeneza viwili vipya, vinene, vya kujaza kiganja.

Nimepiga randa nimesimama kwa miguu miwili. Miguu miwili! Zamani nilikuwa naegemea meza kulia, kazi yote inakwenda upande. Leo ubao umenyooka wenyewe, maganda yanatoka marefu, mazima, nikayaweka kichwani kama wigi. Dada akaniona, akasema ganzi bado haijaisha.

Futi yangu ya kupimia haionekani. Nimemuuliza dada, hajui. Nimemuuliza mke wangu, akauliza futi gani. Mke wa seremala, miaka yote hii, anauliza futi gani!

Ijumaa, 14 Machi

Leo maneno machache.

Mke wangu na dada walikuwa wanapiga pasi sebuleni, mimi niko kochini wakadhani nimelala. Mke wangu aliuliza kama kweli mfupa unaweza kuchomoka. Dada akamsimulia wake. Ulichomoka mwezi wa pili baada ya upasuaji, kwa kipandio kimoja tu cha basi, mbele za watu, akalala chini barabarani akilia kama mtoto. Sikuwahi kuijua habari hiyo. Siku zote anatuambia alipona vizuri.

Halafu mke wangu akasema yeye hawezi kusimama juu kule na kunitazama nikipanda. Na kwamba nyumba ilivyo sasa ameshaizoea.

Ameshaizoea. Kitanda kizima peke yake, dirisha lake, usingizi wake. Sikumlaumu. Lakini nimekaa na neno hilo tumboni jioni yote.

Jumapili, 16 Machi

NIMEVAA SOKSI! Mwenyewe! Ya kushoto! Nimekunja, nimefika, nimevuta. Nikavua nikavaa tena ili kuhakikisha. Dada alifumba macho asione.

Kisha nimetoka na mke wangu mpaka kona ya barabara, gongo moja tu. Fundi viatu wa pale kona akapiga kelele, "Mzee umefungwa injini mpya!" Nikampungia gongo kama mfalme.

Tukatembea. Kuna kitu kilikuwa cha ajabu na sikukijua mara moja. Halafu nikajua. Hakuwa anapunguza mwendo. Alikuwa anatembea mwendo wake, na mimi nipo pembeni yake. Nilifurahi mno nikapata ujasiri, nikamuuliza waziwazi: mama watoto, unataka nirudi juu au hutaki?

Akasimama. Akasema, "Wewe unataka kuja juu, au unataka kutuonyesha kwamba unaweza?"

Nikasema jua kali, turudi.

Jumanne, 18 Machi

Vishikio vimefungwa! Kushoto na kulia. Nimevipiga msasa mpaka kiganja kinateleza kama kwenye maji. Ni kweli vimekula nafasi – ngazi ilikuwa nyembamba, sasa mtu mnene aombe ruhusa. Lakini uzuri wake! Nimevishika mara ngapi leo, sijui. Sijapanda. Nimeshika tu.

Dada ndiye aliyenishikia ubao nikifunga skrubu. Nikamwambia nimesikia habari ya basi. Hakukasirika. Akasema alinifunga ule mto kwa sababu hataki nililie barabarani. Nikamwambia najua, dada yangu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, hivi yule binti alisema siku hizi wanaruhusu watu wavushe mguu?

Tukampigia Kamanda. Akamuuliza maswali, akasema kwa nyonga iliyotulia miaka yote hiyo pengine hata yeye alisharuhusiwa zamani, ila hakuna aliyemwambia. Tumtafutie daktari amtazame ndipo ajaribu. Dada akarudisha simu. Amekaa kwenye kiti anautazama mguu wake wa kulia kama anayeuomba radhi. Alhamisi tunampeleka.

Alhamisi, 20 Machi

Daktari amemtazama dada, amepiga picha, amesema ruksa. Akavusha mguu palepale ofisini! Amerudi nyumbani amekaa sebuleni miguu imepandana, anatikisa kiatu, hataki kuinuka hata kwa chakula. Nimefurahi kuliko soksi yangu.

Lakini kuna jambo. Tuliporudi meza ya sebuleni haipo. Mke wangu kaihamishia karakana. Kwenye sakafu kuna alama za chaki, pembe nne, zimepimwa. (Futi yangu!) Nikauliza. Akasema anataka kusafisha. Na kochi? Kochi nalo litakwenda karakana, akasema, asinitazame.

Kochi karakana! Hofu yangu si kubaki chini tu tena. Sasa natolewa hata sebuleni! Nikamtazama dada, dada akatazama kiatu chake. Wanajua. Wote wanajua isipokuwa mwenye nyumba.

Sawa. Keshokutwa Kamanda anakuja. Nitapanda. Nimeshalipata na jibu la lile swali la Jumapili, nitalisema nikifika juu, si kabla.

Jumamosi, 22 Machi – asubuhi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Katikati ya ngazi! Penseli ilikuwa sikioni, daftari mfukoni, kwa hiyo sina cha kufanya ila kuandika, maana siwezi kwenda juu, nimekatazwa kwenda chini, na kichwani nina godoro.

Nieleze. Kamanda alipiga kusema amechelewa njiani. Dada akaniambia nikae jikoni nisitoke, kabisa, mpaka aniite. Nikae jikoni! Siku ya leo! Akaingia bafuni. Mimi nikatoka. Nikaja chini ya ngazi, nikashika kushoto, nikashika kulia. Mguu mzima juu. Mgeni akafuata. Mzima juu. Mgeni akafuata. Haiumi! Nyonga imenyamaza kimya kama fundi mzuri kazini. Nikaanza kuimba.

Kufika katikati, giza. Kitu laini kikanipiga usoni. Nikadhani nimezimia. Nikanusa: sabuni, pasi. Godoro! Godoro letu, linashuka lenyewe!

"Nani huyo?" sauti ya mke wangu, nyuma ya godoro.

"Mimi!"

"Unafanya nini hapo? Si uko jikoni?"

"Napanda! Na wewe?"

"Nashuka!"

Akasukuma. Mimi nikashika kwa nguvu. Godoro likaingia katikati ya vishikio vyangu viwili vinene, vizuri, vilivyopigwa msasa, likajibana hapo kama kabari. Amevuta, halivutiki. Bila vishikio lingepita. Mimi ndiye niliyelipima likwame! Dada ametoka bafuni na taulo kichwani, ameona miguu yangu imetokeza chini ya godoro, amepiga ukelele wa msiba. Kisha akampigia Kamanda. Kamanda amesema kwenye simu: mzee akae alipo, asishuke kinyumenyume, nakuja, nipo kona.

Basi nimekaa. Mama watoto naye kakaa, upande wake. Hatuonani. Tunaongea kupitia godoro.

Nikamuuliza, sasa zile alama za chaki? Akasema ni za godoro. Kochi liende karakana, godoro lilale sebuleni, na yeye alale chini pamoja nami. Alitaka nikitoka jikoni nikute kila kitu kimeshafanyika. Nikasema, si ulisema umezoea?

"Nimezoea kukusikiliza," akasema. "Miaka miwili nasikia kochi likilia ukigeuka. Likinyamaza sana nakuja mpaka hapa juu ya ngazi, nakaa, mpaka lilie tena. Ndiyo nimezoea. Nimechoka kuzoea. Wifi kachomoka mfupa kwa kipandio kimoja, Fundi. Kimoja! Nikasema godoro lishuke. Kitanda kibaki huko na sifa zake."

Ngazi hii ya ubishi wangu – na yeye akikaa hapo juu yake, mimi chini najihesabia kwamba nimesahauliwa!

Nikasema, "Uliniuliza nataka kuja au nataka kuonyesha."

"Eeh."

"Mwanzo nilitaka kuonyesha."

"Najua."

"Leo nilikuwa nakuja."

Godoro likaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, au yote mawili, kwa godoro huwezi kujua. Nami nikaanza. Dada kule chini akasema tutachomoa kila kitu kwa kucheka, halafu naye akacheka, akakaa kwenye kochi, akavusha mguu.

Mlango umegongwa. Kamanda ameingia. Amesimama pale pale aliposimama siku ile, anatazama juu: viatu vyangu, godoro, na juu kabisa, nadhani, kitambaa cha kichwa cha mke wangu. Hajacheka huyu binti tangu nimjue. Ameweka mkoba chini, ameuma mdomo.

"Haya," amesema. "Niambieni kwanza mnapanda au mnashuka. Nijue mguu upi unatangulia."

Nimemuuliza mama watoto: tunapanda au tunashuka?

Kwenye ule uwazi mdogo, kati ya godoro na kishikio cha kushoto, vimetokeza vidole vyake, vimekunjamana kwa maji ya kufulia, vinapapasa ubao wangu, vinanitafuta – narudisha penseli sikioni, maana nahitaji mkono –